Acheni Kuiuza Sataranji kama Dawa ya Akili

Mpe mtoto ubao wa sataranji, tunaambiwa, na hisabati itanyooka yenyewe. Makocha wanalisema hilo, walimu wakuu wanalirudia siku ya wazazi, na shule za kulipia zimeliandika kwenye vipeperushi vyao kando ya picha ya bwawa la kuogelea. Dai limezoeleka mpaka anayelihoji anaonekana adui wa mchezo wenyewe. Mimi ni mpenzi wa sataranji wa miaka mingi, na ni kwa ajili ya mapenzi hayo naandika. Dai kwamba sataranji inaongeza akili ya darasani halina ushahidi wa kulibeba, linawapotosha wazazi, na mwisho wake linauumiza mchezo tunaoupenda.

Si dai la jana. Mwaka 1786 Benjamin Franklin, yule mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, alichapisha insha fupi akiitetea sataranji dhidi ya walioiona kuwa kazi ya wavivu. Alisema inamzoeza mtu kuona mbali, kuangalia pande zote na kutofanya pupa. Franklin alikuwa akizungumzia tabia, na alizungumza kama mchezaji anayeutafutia mchezo wake heshima. Waliokuja baadaye walivuka mpaka. Kuona mbali ubaoni kukageuzwa kuwa kuona mbali maishani, kisha kukageuzwa kuwa alama za mtihani, na kila hatua ilichukuliwa bila mtu kuuliza inathibitishwa na nini.

Wasomi walikwisha kulipitia jambo la namna hii kwa Kilatini. Kwa vizazi vingi shule za Ulaya na Marekani zilishikilia kwamba sarufi ya Kilatini inanoa ubongo mzima, hivyo hata mtoto atakayekuwa mfanyabiashara aikariri. Mwaka 1901 Edward Thorndike na Robert Woodworth walichapisha majaribio yaliyoitikisa imani hiyo. Waliwafundisha watu kukadiria ukubwa wa maumbo ya aina fulani, watu wakawa hodari, kisha wakapewa maumbo ya aina nyingine. Sehemu kubwa ya ule uhodari haikuwafuata. Baadaye, mwaka 1924, Thorndike alilinganisha maelfu ya wanafunzi wa sekondari na kukuta kwamba waliosoma Kilatini hawakuwazidi wenzao kwa kiwango cha maana katika uwezo wa kufikiri kwa jumla. Tunachokizoeza ndicho tunachokipata. Mazoezi huhama kwenda kwenye jambo la jirani, na kadiri jambo linavyokuwa mbali ndivyo yanavyopungua mpaka yanaisha.

Sataranji yenyewe imechunguzwa kuliko karibu mchezo mwingine wowote, na matokeo yalionekana mapema. Adriaan de Groot alikuwa mwanasaikolojia wa Uholanzi aliyeichezea timu ya taifa lake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 aliwaketisha mabingwa wa kweli, akiwemo Alexander Alekhine na Max Euwe, akawaonyesha mchezo uliofika katikati na kuwataka wafikiri kwa sauti. Wengi wetu tungetarajia bingwa ahesabu hatua nyingi zaidi ya mchezaji wa kawaida. De Groot hakuona hivyo. Bingwa hakuchimba mbali sana kuliko mwenzake. Tofauti ilikuwa kwamba hatua nzuri ilimjia mapema, kwa sababu alichokuwa akikitazama alikwisha kukiona kwa sura nyingi kabla ya siku ile.

Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, huko Pittsburgh, walilifikisha jambo hili mwisho wake. Walimwonyesha mchezaji ubao kwa sekunde tano, wakaufunika, wakamwambia aupange upya kwa kumbukumbu. Kete zilipokuwa zimetoka kwenye mchezo halisi, fundi alizirudisha nyingi mahali pake huku anayeanza akihangaika na chache. Kisha wakazitawanya kete zilezile ovyo, bila mpango wowote wa mchezo. Fundi akashuka mpaka kwenye kiwango cha anayeanza. Watafiti waliorudia jaribio hilo miaka ya baadaye kwa wachezaji wengi walikuta kwamba fundi hubaki na ubora kidogo tu. Kumbukumbu ile ya ajabu, ambayo kila mzazi angetamani mwanawe awe nayo siku ya mtihani wa historia, ni kumbukumbu ya sataranji. Ukiuvuruga ubao, inatoweka. Vipi basi tutarajie iwe hai mtoto anapofungua daftari la aljebra?

Watetezi wa dai hujibu kwamba wachezaji wazuri wanaonekana kuwa na akili. Ni kweli kwamba tafiti zimekuta uhusiano wa kiasi kati ya vipimo vya akili na uwezo wa sataranji, hasa kwa wachezaji wachanga na wa ngazi za chini. Lakini uhusiano huo hausemi kipi kilizaa kipi. Mtoto anayejifunza haraka huvutiwa na klabu ambako kujifunza haraka kunapigiwa makofi, na anayechelewa huondoka. Baada ya miaka miwili ukiwapima waliobaki utaona akili, na utaipa sifa sataranji. Mwaka 2007 Merim Bilalić na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 57 wachezaji wa sataranji. Kilichotangulia mbele ya vingine vyote kilikuwa mazoezi. Na walipowatenga 23 waliokuwa bora zaidi, akili iliyopimwa haikueleza tena nani ni hodari. Kama ilikuwa na mwelekeo wowote, ulikuwa wa kinyume, kwa kuwa katika kundi hilo waliopata alama kubwa za akili ndio waliofanya mazoezi kidogo.

Bado mtu anaweza kusema: tuache nadharia, tuingie darasani. England waliingia. Shule za msingi 100 zilipangwa kwa kura, nyingine zikapata sataranji na nyingine zikaendelea kama kawaida. Watoto wa miaka 9 hadi 10 walifundishwa kwa takriban saa 30, ndani ya muda wa masomo, na walimu wa sataranji waliojua kazi yao. Mwaka mmoja baadaye walipimwa kwa mtihani wa taifa wa hisabati. Ripoti ilitoka mwaka 2016: hakuna tofauti kati ya waliocheza na wasiocheza. Katika kusoma na sayansi pia hakuna. Hawakuwa watoto wachache wa klabu moja. Walikuwa takriban 4,000, na waliopanga jaribio walikuwa na kila sababu ya kutamani matokeo mazuri.

Zipo tafiti zilizokuta faida, sikatai. Giovanni Sala na Fernand Gobet walizikusanya 24 mwaka 2016 na wastani wake ulionyesha faida ya kiasi. Lakini walipozikagua moja moja walikuta kasoro ileile karibu kila mahali: watoto wa sataranji walilinganishwa na watoto wasiofanya jambo lolote jipya. Mwalimu mgeni, ubao mpya, kipindi kinachosubiriwa kwa hamu, hayo peke yake yanaweza kumchangamsha mtoto kwa muhula mmoja. Ili kujua kama ni sataranji iliyofanya kazi, lazima kundi la pili lipewe kitu kingine cha kuvutia, iwe ni karata, muziki au mchezo mwingine wa ubao. Gobet mwenyewe ni mchezaji aliyewahi kuiwakilisha Uswisi. Hasemi haya kwa kuuchukia mchezo.

Hapo hutajwa Armenia, ambako tangu mwaka 2011 sataranji ni somo la lazima kwa watoto wa shule za msingi. Kwa nini Armenia? Kwa sababu mwaka 1963 Tigran Petrosian alimvua Mikhail Botvinnik ubingwa wa dunia na taifa dogo likapata shujaa; kwa sababu timu yao ilitwaa dhahabu ya Olimpiadi ya sataranji mwaka 2006, 2008 na 2012. Wanafundisha sataranji kwa kuwa ni urithi wao na fahari yao. Hiyo ni sababu nzuri kabisa, na inajitosheleza bila msaada wa mtihani wa hisabati.

Nenda sasa kwenye orodha ya mabingwa wenyewe, maana ikiwa kweli ubao unazaa akili ya jumla, wao wangekuwa wamevuna kuliko watu wote. Utamkuta Emanuel Lasker, bingwa kwa miaka 27 kuanzia 1894, ambaye alikuwa daktari wa hisabati na jina lake limebaki katika nadharia ya aljebra. Utamkuta Euwe, aliyembwaga Alekhine mwaka 1935 huku akiwa mwalimu wa hisabati wa shule ya wasichana Amsterdam. Hawa hutajwa kila mara. Lakini orodha hiyohiyo ina Mikhail Tal, aliyesomea fasihi, na Vasily Smyslov, mwimbaji wa sauti nzito aliyejaribu bahati yake katika jumba la opera la Bolshoi kabla hajawa bingwa wa dunia. Ina Botvinnik, mhandisi wa umeme, aliyetumia miaka mingi ya uzeeni kuunda programu ya kompyuta itakayofikiri kama yeye, na haikuwahi kufika mahali pa kucheza kwa kiwango alichokitaka. Na ina Wilhelm Steinitz, bingwa wa kwanza rasmi mwaka 1886, mtu aliyeufundisha ulimwengu kwamba shambulio lisilotanguliwa na ubora wa nafasi halina haki ya kufaulu. Alifariki mwaka 1900 New York akiwa fukara, katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Bobby Fischer namtaja peke yake. Aliacha shule akiwa na miaka 16. Alijifunza Kirusi cha kutosha kusoma majarida ya sataranji ya Kisovieti, kwa sababu humo ndimo yalimokuwa maarifa aliyoyataka, na mwaka 1972 huko Reykjavik alimshinda Boris Spassky kwa pointi 12½ kwa 8½ na kuuvunja utawala wa Wasovieti juu ya ubingwa wa dunia uliodumu tangu 1948. Miaka mitatu baadaye ubingwa ulimtoka bila kusogeza kete, kwa kugomea masharti. Maisha yake yaliyobaki yalijaa shuku, chuki dhidi ya Wayahudi na uamuzi mmoja mbaya baada ya mwingine. Hakuna aliyewahi kuona mbali ubaoni kumzidi sana yeye, na hakuna hata chembe ya kuona huko iliyomwongoza nje ya ubao.

Wala hoja hii haiishii kwa waliokwisha kufariki. Gukesh Dommaraju wa Chennai, India, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 2024, aliacha masomo ya kawaida ya shule baada ya darasa la nne ili awe na muda wa sataranji. Baba yake, daktari wa upasuaji, alisimamisha kazi ili asafiri naye kwenye mashindano. Familia ile ilifanya hesabu ya kweli: saa zinazokwenda kwenye ubao zinatoka mahali fulani, na shule ni mahali hapo. László Polgár wa Hungary naye alijua hivyo alipowafundishia nyumbani binti zake watatu. Mdogo wao, Judit, alipata cheo cha grandmasta mwaka 1991 akiwa na miaka 15 na miezi minne, akaivunja rekodi ya Fischer. Polgár hakudai kwamba sataranji itawafanya wawe mahodari wa kila kitu. Alidai kwamba saa nyingi za jambo moja, zikianza mapema, zitazaa ustadi wa jambo hilo. Binti zake walithibitisha maneno yake.

Kwetu Afrika Mashariki dai hili limepata nguvu kupitia Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, ambaye maisha yake yameandikwa kitabu na mwaka 2016 yakatengenezewa filamu. Husimuliwa hivi: msichana wa mtaa wa mabanda alikutana na sataranji, akili ikafunguka, maisha yakabadilika. Lakini waulize waliokuwepo kilichowaleta watoto mahali pale. Kocha Robert Katende alikuwa na uji. Mutesi alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada; alimfuata kaka yake, akakuta chakula, akakuta mtu mzima anayemngoja kesho yake, na baadaye ada ikapatikana, akarudi darasani. Aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya mwaka 2010 akiwa bado msichana mdogo. Bidii ni yake na kipaji ni chake. Lakini kilichomrudisha shuleni ni ada, na tukisema ni ubao tutawapelekea watoto wengine mbao bila uji, bila ada na bila Katende, kisha tushangae kwamba hawakubadilika.

Na hapo ndipo dai hili linapokuwa na madhara. Shule inayoanzisha klabu kwa ahadi ya alama itaifunga alama zisipopanda. Mwalimu atakuwa na ripoti mkononi, mzazi atauliza fedha zake zimefanya nini, na mbao zitawekwa stoo. Mtoto anayeshika nafasi ya mwisho darasani atajiambia kwamba mchezo wa wenye akili haumhusu, wakati pengine ana subira na jicho ambavyo hakuna mtihani unaovipima. Na mtoto aliyeingia klabu kwa sababu mama ameambiwa itamsaidia hisabati atacheza kama anayekunywa dozi, akihesabu siku za kumaliza. Nimewaona watoto hao. Hawaulizi kwa nini hatua fulani ni nzuri. Wanauliza kipindi kinaisha saa ngapi.

Kama sataranji haiongezi akili ya darasani, basi ya nini? Nitajibu kwa mfano mmoja, na aliye na ubao karibu auchukue. Mwaka 1921 Richard Réti alitunga fumbo lenye kete nne tu. Mfalme mweupe yuko h8, kitunda chake kiko c6. Mfalme mweusi yuko a6, kitunda chake kiko h5. Mweupe anaanza, na anatakiwa apate sare. Ukitazama utaona haiwezekani. Kitunda cheusi kinakimbilia mwisho wa ubao kikawe malkia, na mfalme mweupe amechelewa hatua mbili kukikamata. Kitunda cheupe nacho kiko mbali na mfalme wake, na mfalme mweusi atakila akipenda. Kila upande kifo.

Réti anamwambia mfalme atembee kwa mshazari: h8, g7, f6, e5. Kila hatua moja inamsogeza kuelekea adui na papo hapo kuelekea kitunda chake. Mweusi akiendelea kukimbia, mfalme mweupe anawahi kukisindikiza kitunda chake na pande zote mbili zinapata malkia. Mweusi akisimama ili akiue kitunda cheupe, amepoteza muda, na mfalme mweupe aliyekuwa amechelewa sasa anakifikia kitunda cheusi. Sare. Ubao wa sataranji una jiometri yake: mfalme akienda mshazari hatua tatu amesogea mistari mitatu upande na mistari mitatu chini kwa gharama ya hatua tatu tu. Kila mchezaji anajua mfalme anavyotembea tangu siku ya kwanza, lakini mpaka Réti alipoonyesha, wachache walikuwa wameona kwamba ndani ya mwendo huo kuna kitu hiki. Anayekiona kwa mara ya kwanza hupiga kelele. Sijui kipimo cha akili kinachoweza kuirekodi furaha ile, na sitaki kiwepo.

Au chukua tarehe 12 Desemba 2024 huko Singapore. Gukesh, miaka 18, na Ding Liren, bingwa mtetezi, wako sawa kwa pointi 6½ kila mmoja na wamefika mchezo wa mwisho kati ya 14. Gukesh ana kitunda kimoja zaidi, kila upande una ngome na askofu, na watazamaji wanangoja sare. Katika hatua ya 55 Ding anasogeza ngome mpaka f2, akitaka ngome zibadilishwe na mambo yaishe. Askofu wake yuko kwenye kona, a8. Gukesh anaona kwamba ngome zikitoka, askofu yule hana pa kukimbilia. Atalazimishwa abadilishwe na askofu wa Gukesh, na watabaki wafalme na vitunda, awamu ambayo mwenye kitunda kimoja zaidi anashinda. Hatua tatu baadaye Ding alimpa mkono. Gukesh akawa bingwa wa dunia asiyepingwa mdogo kuliko wote waliomtangulia, akiivunja rekodi ya Garry Kasparov aliyetwaa taji mwaka 1985 akiwa na miaka 22. Alichokijua kijana yule pale kilikuwa sataranji, sataranji tupu, iliyokusanywa kwa miaka ya utoto, na kilitosha kumfikisha kileleni.

Watu wa pwani hatuna sababu ya kudanganyika katika jambo hili, maana tuna bao. Mashimo 32, kete 64, na mafundi wa Zanzibar waliomfanya mtafiti Alex de Voogt aandike tasnifu nzima, mwaka 1995, juu ya namna wanavyofikiri. Anayejua kupanga mtaji, awamu ya pili ya mchezo, kutoka kwenye namu, awamu ya kwanza ya kuingiza kete, anayejua lini aitumie nyumba yake na lini aiache, ameusoma ubao kwa kina kisichopungua cha mchezaji wa sataranji. Je, kuna mzee barazani aliyewahi kumvuta kijana kwenye bao kwa kumwahidi atafaulu hisabati? Humwita kwa sababu bao ni tamu, kwa sababu kushindwa mbele ya watu kunauma na kushinda kunapendeza, na kwa sababu ujuzi ule aliupokea kwa mkubwa wake na anataka aupokeze. Bao limeishi kwa vizazi bila kipeperushi. Hata hivyo ni shule ngapi zinazonunua sataranji kwa jina la akili huku ubao wa bao haumo katika jengo zima?

Kwa hiyo, mwalimu mkuu unayepanga bajeti ya mwaka ujao: nunua mbao, ziwe za sataranji na za bao. Tafuta mtu anayeupenda mchezo akae na watoto, umlipe vizuri. Hakikisha wana kitu cha kula mchana. Usichague nani aingie kwa kutazama ripoti zake. Na katika barua utakayowaandikia wazazi, ufute ile sentensi ya hisabati, uandike kwamba watoto wao watafundishwa mchezo mzuri.